Kondo la Nyuma Halina Haya

Mheshimiwa Duane Ostby, Meya wa mji wetu wa Nordahl. Profesa Whitcomb, uliyetuletea salamu za Chuo Kikuu ukiendesha gari kwenye theluji tangu alfajiri. Mchungaji Kari Lindahl, mwenyeji wetu katika ukumbi huu wa chini ya kanisa. Ndugu zangu wajumbe wa bodi ya hospitali. Akina mama wa jikoni mkiongozwa na Bi LaVonne Skogen, ninaowaona mmesimama ukutani ilhali viti vipo. Na wewe, Daktari Altagracia Peguero, tunayekuaga leo: hamjambo nyote.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Orrin Tveit. Nafuga ng'ombe wa maziwa barabara ya kaskazini, na bodi ya hospitali ilinichagua kuwa mwenyekiti siku ambayo sikuhudhuria kikao. Ratiba mliyopewa mlangoni inasema nitatoa neno la shukrani, kisha nimkabidhi Daktari blanketi la viraka walilolishona akina mama, kisha tule. Blanketi lipo. Chakula kipo, harufu yake mnaisikia. Shukrani ndiyo sijaiweza. Nimesimama hapa na aibu, mabibi na mabwana, na kwa kuwa si yangu peke yangu, nitaigawa kama tunavyogawa chakula katika ukumbi huu, kila mtu na sahani yake.

Daktari Peguero alikuja kwetu kutoka Bronx, kwenye maghorofa ya jiji kubwa, ambako, kwa maneno yake, mtu akiumwa jino jengo zima linajua ni jino lipi. Alikuja na majokofu, darubini, na swali. Kwa nini wajawazito wa kaunti hii, watu wa maziwa na nyama na hewa safi, walikuwa wanapoteza watoto mwishoni mwa mimba kupita ilivyotarajiwa? Alitukusanya humu humu, akaanza kutufundisha habari za kondo la nyuma, nasi wanaume tukaanza kutazama viatu vyetu. Akasimama katikati ya sentensi. "Jamani," akasema, "nikitaja kondo la nyuma mnainamisha vichwa kama vile naomba mchango wa paa la kanisa!"

Tukainua vichwa kidogo. Akatueleza kwamba kondo ndilo linalomlisha mtoto tumboni. Kwamba lisipojikita vizuri tangu miezi ya mwanzo, damu ya mama hailifikii ya kutosha. Kwamba hapo mtoto hudumaa, na presha ya mama hupanda, na isipokamatwa mapema huishia kwenye kifafa cha mimba, na mara nyingine kaburini. Wangapi kati yetu tulikuwa tunajua hayo? Na wangapi tuliokuwa tunajua tuliwahi kuyasema mezani?

Kazi yake ilikuwa na sehemu mbili. Kila wiki mama mjamzito alipigiwa simu na kuulizwa kuhusu kichwa, macho, uvimbe na namna mtoto anavyocheza. Kisha akijifungua, kondo lilipelekwa maabara likatazamwe. Akina mama walikubali wote, kwa sababu kukataa kungemsumbua Daktari. Walikubali na wakaomba radhi kwamba kondo lenyewe halikupendeza. Bwana mmoja, ambaye mkewe alijifungulia nyumbani theluji ilipofunga barabara, alilileta ndani ya ndoo ya aiskrimu, kifuniko kimebanwa vizuri, na juu yake kipande cha karatasi ya gundi chenye jina la familia, ili ndoo irudishwe. Cheka tu, Duane, ndoo ilikuwa ya shemeji yako.

Na majibu ya simu je? Nimeyasikia, maana Daktari aliniruhusu kusikiliza siku moja.

"Unaendeleaje, dada?"

"Siyo mbaya."

"Kichwa hakiumi?"

"Ah, siyo mbaya."

"Na miguu, imevimba?"

"Wapo waliovimba zaidi."

Kwa miezi mingi kaunti nzima haikuwa mbaya. Lakini kondo likikatwa na kuwekwa chini ya darubini, lilisema kinyume. Daktari alikuta sehemu kubwa zimekufa, zimekuwa ngumu na nyeupe, na mishipa imeziba. Mama alisema siyo mbaya, na kondo lake lilikuwa linapiga mayowe tangu mwezi wa tano. Kondo la nyuma halina haya, ndugu zangu. Katika kaunti hii yote, ndicho kitu pekee kilichothubutu kulalamika.

Mmoja wa waliosema siyo mbaya ni Renae, aliyeketi pale safu ya pili, mke wa mwanangu Wade. Nilimwomba ruhusa niseme habari zake, akasema nisijisumbue kuomba. Mnajua kwamba mwaka juzi yeye na Wade walimzika binti yao, aliyezaliwa wa miezi minane na hakulia. Siku chache kabla ya hapo Renae alikula nasi chakula cha Jumapili, mkono kwenye paji la uso. Tulimuuliza ana nini. Alipojibu kwamba siyo mbaya, tulipitishiana viazi. Na baada ya mazishi, Mungu awabariki, mlileta chakula mpaka jokofu lao likawa halifungiki. Mliweka mabakuli mlangoni, mkaondoka upesi kabla hajafungua, ili msimsumbue. Nilikuwa naona magari yenu yakirudi nyuma polepole kwenye njia ya shamba, na nikadhani huo ndio upendo wenyewe. Labda ulikuwa upendo. Lakini nani aliingia ndani?

Sasa nisikilizeni sana. Daktari alikuwa karibu kuwaandikia wataalamu wenzake kwamba kwetu ugonjwa huu huja kimya, bila dalili. Na ni kweli, kuna akina mama ambao huwajia kimya. Lakini wangapi wa kwetu walikuwa na dalili na wakazimeza? Kama asingegundua, adabu zetu zingekuwa sayansi, na mahali pengine mama mwingine angeambiwa kichwa si kitu. Kilichomfungua macho ni birika la kahawa.

Bi LaVonne alikuwa amekwenda maabara kumpelekea keki. Daktari akamwuliza, "Mama, utakunywa kahawa?" LaVonne akajibu, "Hapana, usijisumbue." Daktari akasema sawa, akalirudisha birika mahali pake, akaendelea na darubini. Usiogope, LaVonne, sikutaji kwa ubaya. LaVonne akatoka pale akamwambia kila mtu kwamba Daktari ni mtu mzuri, ni wa aina yake tu, na wenyeji mnajua hayo ni matusi ya kiwango gani. Habari zikamfikia Daktari, akaenda kwa Mchungaji Kari akiwa amekasirika.

"Nilimkaribisha! Akakataa mwenyewe!"

"Ulimkaribisha mara ngapi?" Mchungaji akauliza.

"Mara moja."

"Basi hujamkaribisha. Mara ya kwanza anakataa ili asionekane mroho. Mara ya pili anakataa ili akuone kama unamaanisha. Mara ya tatu anakunywa."

Mchungaji anasema Daktari alitoka kwenda maabara bila hata kuvaa koti, na nje ilikuwa Januari. Wiki iliyofuata simu zilikuwa ndefu. Mama aliulizwa mara moja, akaulizwa habari za ng'ombe, akaulizwa tena, wakazungumza kuhusu theluji, akaulizwa mara ya tatu. Na mara ya tatu mama mmoja akasema, "Sasa kwa vile umeuliza, kichwa kinanipasuka tangu Jumanne, na namwona mume wangu kama ni wawili." Akafikishwa hospitali siku ile ile. Yule pale, na pacha wake wanaotambaa chini ya meza ya vinywaji. Bibi, wachukue, wameanza kuvuta kitambaa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tunaficha, tunazaa, na tunazika.

Siku Daktari alipokuja shambani kuwaeleza Wade na Renae yaliyoonekana kwenye kondo la mtoto wao, alinikuta mimi kwanza, zizini. Ng'ombe alikuwa amezaa. Nilikuwa nimelitandaza kondo lake juu ya majani makavu, nalipapasa nione kama limetoka lote, kama kila mfugaji humu afanyavyo. Kipande kilikosekana. Nikampigia simu daktari wa mifugo, nikamwondoa mezani kwake akiwa anakula, wala sikumwomba radhi. Daktari Peguero alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza.

"Mzee Orrin," akasema, "kumbe unajua kupiga kelele?"

"Ng'ombe huyu akiachwa atakufa," nikamjibu.

"Na kondo la mjukuu wako, ulilitazama?"

Nikasema hayo ni mambo ya akina mama. Alinitazama tu, kisha akatazama chini kwenye majani. Sijawahi kutamani kutukanwa kama siku ile.

Ndani ya nyumba aliwaeleza kwamba kondo lile halikujikita vizuri tangu mwanzo, na kwamba hakuna alichokifanya Renae kilicholiharibu. Ndipo Renae akauliza, kwa sauti ndogo, kama si zile ndoo za maziwa alizokuwa anabeba. Miezi yote ile aliamini amemuua mtoto wake kwa ndoo zangu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Tulikuwa tunampita jikoni tukimwuliza kama kuna baridi huko nje.

Profesa, umetuambia kwamba kaunti nyingine sasa zinaiga namna yake ya kuuliza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwanamke huyu tulimwona mkali, tukamwona mwenye sauti, tukasema kwa adabu kwamba ni wa aina yake, na watoto wanaotambaa humu ndani ni matunda ya kazi yake. Daktari, nakushukuru kwa niaba ya bodi. Nakuomba radhi kwa niaba ya watu wote waliokuona unashinda juani, na kwenye theluji, ukitafuta chanzo cha vifo vyetu, nao wakijua kwamba hawasemi ukweli.

Sasa unaondoka. Mashine za presha zinabaki, na wauguzi umewafundisha. Lakini kila muuguzi ni binti yetu, amelelewa na sisi, naye anaona haya kama sisi. Je, atauliza mara ya tatu? Na nyumbani, ambako hakuna muuguzi...

Nina ukurasa mwingine hapa. Samahani, Profesa, nitauacha.

Renae. Mwanangu, tangu nianze kusema umekinga macho kwa mkono, na taa hizi hazijamuumiza mtu mwingine yeyote humu. Una nini?

Siyo mbaya. Mmemsikia. Msicheke, tafadhali.

Nauliza tena, Renae, mbele ya Meya na mbele ya madhabahu iliyo juu ya vichwa vyetu. Una mimba ya miezi saba. Una nini?

Umechoka tu, umesimama sana jikoni. Sawa. Hapana, umeshainuka, usikae.

Najua unaona haya. Watu wote wamekugeukia, na mkwe wako anakuhoji kama polisi. Mimi mwenyewe naona haya. Lakini mwaka juzi niliuliza mara moja nikaomba viazi, na sitaki tena viazi maishani mwangu kwa bei ile. Nauliza mara ya tatu, na nitasimama hapa hata chakula kipoe. Nini kinakuuma?

Sema kwa sauti, mama, wa nyuma hawasikii.

Kichwa. Tangu jana. Na vimulimuli machoni. Na hapa, chini ya mbavu. Asante. Asante, mwanangu. Usiombe radhi. Nimesema usiombe radhi!

Daktari Peguero amekwisha kufika kwake, naona hakungoja mara ya tatu. Wade, washa gari. Duane, lori lako limeziba njia, liondoe, kimbia. Mchungaji, pigia hospitali waambie tunakuja sasa hivi, na usiwaambie "mkipata nafasi." LaVonne, weka chini hilo bakuli, hakuna wa kufungiwa chakula, mshike mkono, mwingie naye garini, uwe unamsemesha njia nzima.

Nanyi mliojaa mlangoni, najua mnasogea polepole ili msionekane mna papara. Aibu ya kuwafokea nitaiona kesho. Asanteni kwa kunisikiliza, na nipisheni, nipite.