Shangazi Rudisha na Meli Zisizokunywa

Wapo wanaodhani kampuni hii inasimama kwa saruji na umeme. Mimi mtunza stoo, ambaye ofisi nzima huniita Mjomba, najua inasimama kwa watu wawili, na wa kwanza sina haja ya kumtaja. Wa pili, Shangazi, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na moja ya kazi. Mkurugenzi alinisihi niandike mimi maneno ya kumuaga, maana kalamu za wengine zingeishiwa wino njiani.

Shangazi ni mkaguzi wa hatua. Mchezo wetu wa vita vya anga huchezwa kwa zamu: unatuma amri, meli hizi ziende sayari ile, kisha unamsubiri mwenzako. Amri haramu ya waziwazi kompyuta huikataa yenyewe. Ujanja uliovaa koti la sheria, huo ni wa Shangazi. Akiunasa huandika neno moja tu, "Rudisha", na jina likamganda.

Aliwahi kumnasa bwana mmoja aliyefungua akaunti mbili, akawa anajivamia mwenyewe na kujilipa fidia. Shangazi alishtuka kuona maadui wale hawajawahi kuudhiana. Hata ndoa njema, alimwambia, ina ugomvi mwingi kuliko vita vyako.

Lakini siku yake hasa ni fainali ya mwaka juzi. Ukumbi ulifurika watu elfu kumi (wenye wivu husema mia tatu). Bingwa mtetezi, fundi saa mwenye mikogo, alikuwa amebakiza sayari moja tu amng'oe mpinzani wake, muuguzi mpole. Kompyuta ilikuwa imepitisha kila hatua. Shangazi akainuka, akasimamisha mchezo.

Mkurugenzi akamnong'oneza kwamba wadhamini wameketi mbele, na akikosea, kazi hana.

"Sawa," akajibu. "Ila kwanza niambieni, meli zake zinakunywa wapi?"

Sote tulikuwa tukitazama alichofanya fundi saa. Shangazi alitazama asichofanya. Kundi lake lilikuwa limevuka nusu ya anga bila kutua kwenye kituo cha mafuta hata kimoja.

Akamwaga vizibo vya soda mezani, akaonyesha. Kila zamu fundi saa aliligawa kundi lake, kisha akaliunganisha tena. Na kila lilipogawanyika, kompyuta iliihesabu nusu pipa ya mafuta ya kila upande kuwa pipa zima. Bwana yule alikuwa akikamua mafuta hewani, na kanuni ya mashindano inakataza mali usiyoichimba wala kuinunua.

Zamu zikarudishwa hadi mgawanyo wa kwanza. Meli zake zikakwama kati ya nyota kama lori bovu mlimani, muuguzi akatwaa kombe, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Fundi saa mwenyewe alikuja kumpa mkono.

"Shangazi, umenifunga bila kucheza," akasema.

Tobo lile limezibwa, na leo wachezaji huuamini mchezo wetu kwa sababu yake. Asante, Shangazi. Kapumzike kwa raha na afya, na watakaocheza karata nawe huko nyumbani Mungu awape subira.

Hatua ya mwisho aliyoikataa, jana mchana, ilikuwa yangu. Niliziamuru meli zangu zote ziishambulie sayari yangu mwenyewe. Kompyuta ilikuwa imeshakubali. Yeye akashuka mpaka stoo kuniuliza kama mimi ni mzima.