Szeto Pak-hei, Mvaa Koti la Kijivu

Szeto Pak-hei alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Shau Kei Wan, mashariki mwa kisiwa cha Hong Kong. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Szeto Kam-tim, fundi wa boti, na Bi Leung Sau-mui, aliyeuza uji wa samaki kando ya soko. Mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba Pak-hei, akiwa bado mdogo sana, alisimama mbele ya jukwaa la opera siku ya sikukuu ya hekalu tangu ngoma ya kwanza hadi ya mwisho, akajikojolea palepale kuliko kuiachia nafasi yake. Alipokemewa alijibu, "Ningeenda chooni, wangenisubiri?"

Alisoma shule ya msingi ya kanisa, na huko ndiko alikobatizwa mwaka 1963. Sekondari hakuimaliza. Baba yake alifariki, naye akapelekwa North Point kujifunza ushonaji wa suti kwa fundi mmoja mkali aliyetoka Shanghai. Alikuwa fundi mzuri. Wanawe hawajawahi kumwona akitoka nyumbani na kifungo kilicholegea.

Aliingia kwenye filamu mwaka 1974 kwa kupeleka koti. Mwigizaji aliyeshonewa koti hilo hakutokea, na mwongozaji, Bwana Cheuk Yiu-tong, akamwambia alivae yeye.

"Simama pale mlangoni, usifanye kitu."

"Nisifanye kitu kwa namna gani?" aliuliza marehemu.

Bwana Cheuk aliwaambia waliokuwepo kwamba huyo kijana asiruhusiwe kurudi kwenye sindano. Kwa miaka mingi baada ya hapo marehemu alicheza watu wanaosimama mlangoni, wanaoendesha gari, wanaopigwa risasi mapema. Hakulalamika, lakini hakuacha kuomba nafasi kubwa zaidi. Aliipata mwaka 1987.

Filamu ile iliitwa *Koti la Kijivu*. Ilimhusu fundi cherehani aliyechukua koti lisilo lake mgahawani, na tangu siku hiyo majambazi na polisi wakamfuata wakidhani ni muuaji wa kukodiwa. Mtazamaji alimhurumia mpaka mwisho, ndipo akagundua kwamba koti lilikuwa lake tangu mwanzo na muuaji alikuwa yeye. Marehemu alicheza mtu huyo, na koti alilishona mwenyewe. Matangazo yalibandikwa mapema: uso wake, nusu kivulini, chini ya kofia ya kijivu.

Tarehe 21 Mei 1987, adhuhuri, mtu aliyevaa kofia na kuinua kola aliingia duka la dhahabu mtaani Wan Chai, akamgonga mlinzi kichwani kwa kitako cha bastola na kuondoka na mikufu. Mlinzi huyo, Mzee Mak Tat-sang, alipona. Alipoulizwa alisema sura ya mwizi anaijua vizuri kama ya ndugu yake. Maelezo yake yaliwafikisha polisi kwa mwigizaji wa koti la kijivu, na walipopanga watu mstari, mzee alimwendea Szeto Pak-hei bila kusita akamgusa bega.

Siku ile na saa ile marehemu alikuwa Sheung Wan akipigwa picha kwenye mvua ya bandia iliyotoka kwenye mpira wa maji. Jambo hilo lilionekana rahisi kulithibitisha, kumbe sivyo. Katika picha za siku hiyo zilizoingizwa kwenye filamu, mtu wa koti alionekana mgongo tu. Siku hiyo makoti mawili yalikuwa yakivaliwa, moja la marehemu na jingine la mbadala wake, kijana wa kimo kilekile ambaye muda mfupi baadaye alihamia ng'ambo na hakujulikana aliko. Wafanyakazi wa filamu walipohojiwa walisema ukweli wao: katika maji yale, hakuna aliyeweza kuapa kwamba saa sita mchana aliyekuwa ndani ya koti ni nani.

Wakili alimshauri akubali kosa ili apunguziwe kifungo. Bi Sau-mui alikuwepo, na maneno ya mwanawe aliyashika.

"Nikikubali nitakuwa nimesema uongo," alisema marehemu. "Uongo nausema kazini, na hata huko naandikiwa na mtu."

"Hei, mwanangu, miaka kumi ni mingi," mama yake akamwambia.

"Najua, Mama. Ndiyo maana siwezi kuwapa bure."

Alipotoka kwa dhamana alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Cheuk. Alikumbuka kwamba baada ya mwongozaji kupaza sauti kusimamisha picha, yeye aligeuka. Kamera huchelewa kidogo kuzimwa. Kama iliendelea kuzunguka, uso wake ulikuwa kwenye kile kipande cha mwisho ambacho mhariri hukikata na kukitupa.

"Kaka Hei, vile ni takataka," Bwana Cheuk alimwambia. "Viko kwenye magunia ghalani Kwun Tong, vinangoja kuchomwa."

"Bado havijachomwa?"

"Sijui."

"Basi vaa viatu."

Walikuta magunia yamejaa ghala. Kila asubuhi marehemu alikaa karibu na dirisha, akavuta kipande kimoja kimoja na kukiinua kwenye mwanga. Bi Sau-mui alikuja na uji, na macho ya mwanawe yalipochoka alivishika yeye, ingawa mara mbili alimwonyesha mwigizaji mwingine kabisa akidai, "Si wewe huyu?" Marehemu alimjibu, "Mama, hata wewe?" wakacheka wote wawili. Siku zilienda, kesi ikakaribia, na Bwana Cheuk akakiri kwamba amekata tamaa. Marehemu alifungua gunia lililofuata.

Kipande kilipatikana, kikaunganishwa na picha kilikokatwa, na kuonyeshwa mahakamani tarehe 12 Oktoba. Kibao chenye tarehe kilionekana, kisha mvua, kisha mgongo wa kijivu. Mtu yule akageuka. Alikuwa Szeto Pak-hei, anajifuta maji usoni, na nyuma yake, ndani ya duka la samaki wakavu, saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika chache. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, lakini enzi hizo sauti zilirekodiwa baadaye. Jaji akamuuliza alikuwa anasema nini.

"Mheshimiwa, nilimuuliza mwongozaji kama uso wangu umeonekana. Akasema hapana. Nikamuuliza, sasa mbona mmeninyoa ndevu?"

Watu walicheka, na jaji akalazimika kugonga meza. Aliachiwa huru siku ileile.

Wengine wangekwenda nyumbani kulala. Marehemu alitaka kujua kitu kimoja zaidi: mzee yule, ambaye hakuwahi kukutana naye, aliuona wapi uso wake? Wiki iliyofuata alikwenda dukani. Mzee Mak alipomwona alisimama.

"Sijaja kugombana, Mzee Mak. Nionyeshe unapokaa."

Mzee alimwonyesha kigoda chake mlangoni. Marehemu akakikalia na kutazama mbele. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jumba la sinema, na ukutani tangazo la filamu ambayo kutoka kwake kulicheleweshwa na kesi. Lilikuwa limepauka kwa jua, lakini uso wake ulikuwa bado pale, mkubwa kama mlango.

"Tangu lini tangazo lile liko pale?"

"Tangu mwaka mpya," alijibu Mzee Mak. Kisha naye akageuka akalitazama, safari hii akalitazama kweli. Akajishika kwenye fremu ya mlango.

Wakati huo bintiye, Mak Lai-king, alifika na chakula cha baba yake. Alimtambua mgeni, akaweka chombo chini. "Sisi tumekukosea," alisema. "Sema unachotaka kusema, mimi nitasikiliza kwa niaba yake."

"Ninachotaka kusema," alijibu marehemu, "ni kwamba baba yako anakula mchana kila siku akiniangalia, na mimi sijawahi kualikwa."

Alikula nao siku hiyo. Alirudi tena, na tena. Tarehe 6 Januari 1990 Szeto Pak-hei na Mak Lai-king walifunga ndoa kanisani Shau Kei Wan. Mzee Mak alimsindikiza bintiye akilia njia nzima.

Mwizi wa kweli alikamatwa mwaka 1988 huko Macau. Marehemu aliiangalia picha yake gazetini kwa muda mrefu. "Hata hatufanani," alisema. "Ningefarijika kidogo kama tungefanana."

Filamu ilitoka na kupendwa, lakini watu waliendelea kumnyooshea kidole madukani. Alishauriwa abadilishe jina. Alikataa, akaendelea kuigiza kwa jina lake mpaka 2012. Kila mwezi alikwenda mahabusu na ndugu wa kanisa kuwatembelea wanaosubiri kesi. Hakuwauliza kama wametenda. Aliwauliza, "Siku ile ulikuwa wapi? Anza asubuhi, usiruke kitu."

Mzee Mak aliishi na wanandoa hao hadi kifo chake mwaka 2003, na mwishoni marehemu ndiye aliyemuogesha. Mwanawe Lok-man alimuuliza kama hakuwahi kumkasirikia babu. "Nilikasirika sana," alisema. "Lakini jaribu kumwosha mtu miguu huku umemnunia. Maji yanamwagika sakafuni, halafu unapiga deki wewe."

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Alipokea matibabu yote, akayachukia yote, na hakukosa hata siku moja aliyopangiwa. Madaktari walipomwambia hakuna zaidi la kufanya, aliomba arudishwe nyumbani Shau Kei Wan. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2021 alimwomba Bi Lai-king amfunge vifungo vya shati, vyote, hadi cha shingoni. Alimshika mkono, na kabla ya adhuhuri akafariki.

Ameacha mjane, Bi Mak Lai-king, binti, Szeto Wing-yan, anayesoma maneno haya, mwana, Szeto Lok-man, na mkewe Pui-shan, wajukuu wawili, dada yake, Bi Szeto Yuk-chun, na rafiki yake, Bwana Cheuk Yiu-tong, ambaye ana miaka themanini na minane na amekataa kukaa kwenye kiti tulichomwekea.

Tunamrudisha kwa Mungu anayemjua kwa sura na kwa jina. Szeto Pak-hei alale kwa amani.