Jalada la Kompyuta ya Nyumbani: Mzee Jonathan Maige Aiaga Masjala

Tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, Mzee Jonathan Maige atakabidhi funguo za masjala ya chuo chetu na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Funguo zenyewe ni kumi na moja. Saba kati ya hizo ni za milango ambayo haipo tena, na hilo nalo mrithi wake atalikuta limeandikwa kwenye orodha ya makabidhiano.

Aliajiriwa Julai 1991 akiwa mhudumu wa ofisi, kazi yake kupeleka majalada kwa baiskeli kutoka jengo la utawala hadi karakana. Akapanda ngazi moja moja mpaka akawa Msimamizi wa Masjala. Amefanya kazi chini ya wakuu wa chuo saba, na wote saba aliwahi kuwanyima jalada kwa sababu hawakuwa wamerudisha la awali. Mmoja wao alimwandikia barua ya karipio. Mzee aliipokea, akaigonga muhuri, akaipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, na kuihifadhi kwenye jalada lake binafsi.

Mwaka 2006 paa la masjala lilipovuja, alianika karatasi za majalada mia nne juu ya mawe nyuma ya bweni, kila karatasi na kokoto yake, akakaa hapo siku tatu akifukuza mbuzi. Mbuzi mmoja alifanikiwa kula nusu ya ombi la likizo. Tukio hilo lina folio, na nusu iliyobaki imeambatanishwa.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu niko Kitengo cha TEHAMA, na inaaminika kwamba watu wa kompyuta huandika haraka. Mimi nimekubali kwa sababu nyingine. Kuna kosa ambalo lilikuwa langu, na Mzee Maige amelibeba peke yake kwa miezi mingi bila kunitaja.

Oktoba mwaka jana kompyuta ya nyumbani kwake, mtaa wa Buhongwa, ilimwandikia kwamba mfumo wake hautahudumiwa tena, na kwamba yenyewe ni ya zamani mno kupokea mfumo mpya. Mzee aliudhika sana. Kompyuta aliinunua mwaka 2014, yeye aliajiriwa 1991, na sasa ndiyo inayotangulia kustaafu. Alikuja ofisini kwangu, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuketi. Nikamweleza kuhusu Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuufungua aone ulivyotengenezwa, na ambao hauibagui mashine kwa umri. Hilo la umri lilimgusa. Nikampa flashi yenye mfumo huo na kumwambia kila atakapoulizwa abonyeze kuendelea. Sikumuuliza kama ana nakala za vitu vyake. Mtu anayetunza nakala tatu za kila barua ya chuo, nilidhani nyumbani atakuwa nazo nne.

Kama kawaida yake, alifungua jalada kwanza. Folio ya kwanza ni dokezo kwa mkewe, Mama Selina, mwalimu wa kwaya, akiomba ridhaa ya kubadili mfumo wa kompyuta ya familia. Mama Selina aliandika chini yake: "Sawa. Nyimbo zangu na sauti ya mama zisiguswe." Folio ya pili ni jibu la Mzee, neno moja: "Hazitaguswa."

Sauti ya mama ilikuwa rekodi moja tu. Bibi Rebeka, mama yake Mama Selina, alifariki mwaka 2019. Miaka miwili kabla, kwaya ilipokuwa ikifanya mazoezi sebuleni kwao, simu iliyokuwa ikirekodi ilinasa sauti yake akiongea kutoka jikoni. Simu hiyo baadaye ilidondoka majini wakivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga. Rekodi ilibaki kwenye kompyuta ile peke yake, na Mama Selina aliisikiliza kila mwaka siku ya kumbukumbu ya marehemu.

Hapa lazima nieleze masjala inavyofanya kazi. Jalada likijaa hufungwa, likapelekwa chumba cha nyuma, na jipya likafunguliwa. La zamani haliteketezwi mpaka kamati ikae, muhtasari uandikwe na watu watatu wasaini. Kwa hiyo skrini ilipomuuliza Mzee kama diski nzima ifutwe, alikubali kwa utulivu kabisa, akiamini kwamba kamati itakaa.

Kamati haikukaa. Maharage yalikuwa hayajaiva jikoni, kompyuta ikawa tayari, safi, nyepesi, na tupu. Mama Selina hakupiga kelele. Aliomba jalada, akaandika neno "Imeonekana", akalirudisha mezani. Kwa wiki tatu zilizofuata Mzee Maige alipewa chakula chake kwa wakati na hakuambiwa kitu. Watumishi tuliomwona akikonda tulidhani ni mawazo ya kustaafu.

Mzee aliponieleza yaliyotokea, nilienda Buhongwa siku hiyo hiyo na diski ya nje. Ipo programu, nayo huria, inayopekua diski iliyofutwa na kuokota mabaki. Ilifanya kazi siku nzima, ikaokota mafaili elfu kumi na moja mia tatu na sita. Tatizo ni kwamba huyarudisha bila majina wala tarehe, kila moja na namba yake tu, nyimbo, picha na risiti za kanisa vikiwa vimechanganyika. Mimi nilikata tamaa palepale na kumwambia hivyo. Mzee aliisogelea skrini na kusoma namba chache. Kisha akasema, "Hii ni masjala ambayo haijapangwa."

Akaipanga. Kuanzia Novemba kila saa ya chai alikuja na diski ile ofisini kwangu, akavaa vipokea sauti vyangu, akafungua faili, akalisikiliza, akalipa jina na kuliandika daftarini. Kwaya ya Mama Selina haijawahi kuanza wimbo bila kukohoa kwanza, na Mzee alijifunza kutambua mwaka wa rekodi kwa kikohozi. Ikisikika sauti ya Nestory wa besi, basi ni kabla ya 2016, alipohamia Bukoba. Tulimcheka. Kuna waliosema masjala imempanda kichwani. Nami nilicheka pia kidogo, ili nisionekane ninajua sababu, na leo hilo linaniuma.

Aprili, kwenye faili namba 9,412, kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Mzee alivua vipokea sauti na kuniita kwa mkono. Nikavivaa, nikasikia sahani zikigongana, kisha bibi mmoja, kwa sauti ya mtu asiyezoea kurudia: "Mwambie mumeo aache makaratasi aje ale. Ugali unapoa." Basi, hakuna kingine. Sekunde kumi na tisa, na zote anasemwa Mzee mwenyewe. Mzee Maige alifuta miwani yake, akaliandika faili hilo daftarini kwa mwandiko uleule wa mengine yote.

Jioni hiyo nyumbani alilifungua jalada lile. Aliweka folio ya arobaini na moja: "Kwa taarifa yako. Rekodi imepatikana." Mama Selina aliisikiliza akiwa amekaa kitandani, mara sita, mlango ukiwa wazi. Kisha akaomba kalamu. Nimeruhusiwa na wote wawili kunukuu alichoandika: "Nimesikia. Mama ameshatoa maelekezo. Yatekelezwe."

Chuo nacho kimefaidika. Leo hakuna kompyuta inayofutwa hapa bila fomu inayouliza ni nani mwenye vilivyomo, nakala iko wapi, na nani amesaini. Watumishi sita wamehamia Linux majumbani kwao, na Mzee aliwakagua kwanza kama wenzi wao wameridhia kwa maandishi. Kompyuta ya Buhongwa bado inafanya kazi, na imekataa kustaafu.

Mzee Maige, tunakushukuru kwa kila karatasi uliyotutunzia, na mimi ninakuomba radhi mbele ya watumishi wote. Maisha yako ya baadaye yawe mema na yasiwe na foleni ya majalada. Yale mafaili 1,894 yaliyobaki hayana haraka, na Mama Selina amesema hivyo hivyo. Ugali uko mezani Buhongwa. Maelekezo ya Bibi Rebeka yalitolewa mwaka 2017, na utekelezaji unaanza rasmi tarehe 1 Julai.

Hadiya Muhidin
Kitengo cha TEHAMA