Lambo Nililoandika Kuwa Lina Maji

Ndugu zangu wa Ipagala, asifiwe Bwana anayewanywesha wenye kiu! Mimi ni mmoja wa walionyweshwa, ndiyo maana nimesimama hapa.

Wengi mnaniita Bwana Ratiba. Nilisimamia matengenezo ya barabara miaka mingi, na nilipostaafu sikustaafu kupima. Tulipokubaliana kwenda hija kwa miguu hadi kwenye msalaba wa kilimani karibu na Mtera, mimi ndiye niliyepewa kuigawa safari kwa siku tano: tutoke wapi, tunywe wapi, tulale wapi. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyompenda Yule tuliyekuwa tunamwendea. Hilo nalisema mapema ili msije mkalitafuta mwishoni.

Pasaka ilipopita nilipanda pikipiki nikafuata njia za ng'ombe, mbali kidogo na lami na malori yake. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari: korongo, shule, mti wenye kivuli. Kwenye kipande cha siku ya tatu ya hija, kati ya Mlowa na Fufu, nilikuta lambo limejaa mpaka kwenye nyasi, bata wanaelea. Nikamuuliza mfugaji mmoja, "Hapa maji yapo?" Akanitazama, akalitazama lambo, akasema, "Si haya?" Nikaandika: saa tano asubuhi, maji yapo.

Ndugu zangu, ule ulikuwa mwezi wa nne. Hija yetu ilikuwa mwezi wa tisa! Mimi nimezaliwa hapa hapa, nimekula mlenda wa hapa hapa, na sikuuliza lambo lile huwa na maji mpaka mwezi gani.

Kabla ya safari tulifanya zoezi la kutembea mpaka Ihumwa. Nilisimama mwisho wa njia na saa mkononi. Mama mkwe wangu, Bibi Sechelela, alifika na wenzake wawili saa mbili nzima baada ya watu wote. Nikachukua kalamu nyekundu, nikayakata majina yao matatu mbele ya watu. Nikasema, "Mama, ni kwa usalama wako. Utatuchelewesha."

Akaniuliza, "Baba, hija ni ya miguu yangu au ya saa yako?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Tuliondoka watu arobaini na wawili. Siku ya kwanza na ya pili ratiba ilikwenda kama treni, nami nikavimba kichwa. Jioni ya Mlowa mke wangu akaniambia kwamba mama yake na wale wawili walitoka nyumbani siku mbili kabla yetu, wakiwa na nakala ya ratiba yangu, na sasa wako mbele.

"Nani amewaruhusu?"

"Walimwomba Mungu. Wewe hawakukuomba."

Asubuhi nilituma pikapu ipitie lami na mizigo, itusubiri Fufu. Kila mtu nilimwambia abebe chupa moja tu ya maji, kwa kuwa lambo liko mbele. Dawa ya kusafisha maji nilikuwa nayo mfukoni. Nilipanga vizuri, ndugu zangu!

Saa tano na robo tulifika. Lambo lilikuwa tope lililopasuka, na alama za kwato zimekauka kama zimechongwa. Chupa zilikuwa tupu. Simu hazikushika mtandao. Kurudi Mlowa ni mwendo wa saa nne, kwenda Fufu ni wa saa tatu, na jua lilikuwa linapanda. Josephat, mpiga ngoma wetu, ambaye alikuwa amepiga tangu alfajiri, akakaa chini. Jasho lilikuwa limemkauka. Akaanza kumwita dada yake aliye Singida, kana kwamba yuko pale.

Mtu mmoja akaniuliza, "Bwana Ratiba, sasa ratiba inasemaje?" Hakuwa anatania. Nikafungua daftari kwa mazoea, nikasoma maneno yangu mwenyewe: maji yapo.

Nilipiga magoti kwenye lile tope kavu. Nikasema, "Bwana, hawa ulinikabidhi mimi, nami nimewaleta pasipo na kitu. Usiwahesabie wao kosa langu." Sikuona mwanga. Sikusikia sauti. Nilisikia punda akilia!

Walikuwa punda wanne wenye madumu pande zote mbili, wakiongozwa na Bwana Issa, Mwislamu kutoka Kondoa anayenunua alizeti vijiji vile. Na mbele yao, kwa mwendo ule ule niliomkatia jina, alikuwa Bibi Sechelela.

Walilikuta lambo kavu jana yake. Bibi akawaambia wenzake, "Mkwe wangu ameandika maji hapa, na akiandika hafuti. Watakuja." Wakakata kona mpaka kitongoji ambako wanawake huchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Walichota nao tangu asubuhi. Bwana Issa alipoombwa punda alisema mwenye kiu haulizwi dini.

Josephat tulimlowanishia nguo, tukamnywesha kidogo kidogo. Alasiri dereva wa pikapu, alipoona hatufiki Fufu, alikuja kututafuta akampeleka zahanati, na kesho yake alitukuta njiani akidai ngoma yake. Watu wote arobaini na wawili walifika msalabani. Nikisema arobaini na wawili nakosea tena. Walikuwa arobaini na watano.

Ndugu zangu, kama Bibi angekuwa na mwendo ninaoutaka, angefika lamboni pamoja nasi na kiu yake. Kama angeitii kalamu yangu, angekuwa ameketi hapa Ipagala. Mungu aliniponya kwa miguu niliyoikataa. Pale pale mbele ya punda nilimwomba radhi. Akasema, "Kunywa kwanza, baba. Maneno yana njia ndefu."

Namshukuru Mungu! Mwaka huu njia nimeikagua mwezi wa nane, na kila lambo nimelishika kwa mkono. Vituo vimekuwa saba badala ya vitano, kwa sababu nimepima kwa hatua za Bibi. Yeye atatangulia, nasi hatumpiti.

Kama unajiona mzito, una goti bovu, una miaka mingi, mwamini Mungu uje uandikishe jina baada ya ibada. Daftari ninalo. Kalamu ni ya bluu.