Pete ya Ubao wa Mbele: Maisha ya Thaddeus Vernon Hrabovsky, 1948–2024

Mchungaji Tustin, mjane wetu Loretta, watoto, ndugu na majirani wa Pine Grove, na nyinyi mliovuka mto kutoka Ohio asubuhi hii barabara zikiwa zimejaa ukungu, familia ya Hrabovsky inawaomba mketi na mtulie, tumfuate mwenzetu tangu alikoanzia hadi alikofikia. Jina lake kamili ni Thaddeus Vernon Hrabovsky, Vernon na si Vernard kama lilivyochapishwa kwenye kadi mlizopewa mlangoni, na familia inaomba radhi kwa kosa hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe asingelipita bila kulitaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, hapahapa Pine Grove, wilaya ya Wetzel, West Virginia, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Stefan Hrabovsky, mchimba makaa aliyeletwa na wazazi wake kutoka Slovakia akiwa mtoto wa kubebwa, na mama Pearl Ina Postlethwait, mwenyeji wa bonde hili kwa vizazi vingi. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari ya hapa bondeni, akahitimu mwezi Mei 1966, akiwa hodari wa hesabu na wa kazi za karakana, na dhaifu sana wa kuimba, jambo ambalo wanakwaya waliokuwa wakisimama mbele yake wanaweza kulithibitisha.

Mwaka 1967 aliitwa jeshini, akapelekwa Vietnam kutengeneza malori, akarudi mzima mwishoni mwa mwaka 1969, na siku hizo hakupenda kuzisimulia, isipokuwa kusema kwamba huko ndiko alikojifunza kwamba chombo chochote kilichofunguliwa na binadamu kinaweza kufungwa tena na binadamu. Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha aluminiamu ng'ambo ya mto, akatengeneza winchi za kiwanda hicho hadi alipostaafu tarehe 31 Januari 2003, na wenzake wa zamu mliopo hapa mnajua kwamba alikuwa mtu wa kukagua mara mbili na kuwakagua wengine mara ya tatu.

Tarehe 17 Juni 1972, katika kanisa hili, mbele ya madhabahu hii, alifunga ndoa na Loretta Jean Kessinger, ambaye alimpata kwenye karamu ya zimamoto wa kujitolea kwa kumwambia kwamba kiti chake kina mguu mmoja mfupi na kwamba yeye anaweza kuurekebisha, na Loretta akamjibu, "Kiti ni cha zimamoto, kaka, mimi nimekikalia tu, lakini kama una bisibisi, karibu." Mungu aliwajalia watoto wawili, Marlene Pearl, aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 1975, ambaye ana saluni ya kunyoa kule Moundsville, na Dwight Stefan, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1979, anayeishi Texas na mkewe Corinne na watoto wao wawili.

Sasa tunafika kwenye sehemu ya maisha yake ambayo wengi wenu mmekuja kuisikia, nayo ilianza wiki kumi tu baada ya kustaafu, kwa sababu Loretta alichoka kukutana naye kila akigeuka jikoni. Alimwambia, "We Thad, tafuta kitu cha kufanya, usinizunguke kama nzi kwenye bakuli," na Jumamosi ya tarehe 12 Aprili 2003 alifuatana na jirani yake Ervin Loughman, aliyekuwa fundi wa kuchomelea, hadi kwenye mnada wa bunduki mjini Wheeling, akarudi na makreti mawili ya mbao yanayonuka grisi ya miaka mingi. Ndani ya kila kreti mlikuwa na bunduki moja ya jeshi la Rumania, au tuseme ilikuwa bunduki zamani, kwa maana kiwiliwili chake cha chuma kilikuwa kimekatwakatwa kwa moto kabla ya kupakiwa melini, kama sheria inavyotaka, na vilivyobaki vilikuwa vipande vitupu, mtutu, mbao, springi na vijichuma vingi vya kuumiza kichwa. Loretta alichungulia ndani, akasema, "Umenunua ajali."

Karakana ya Ervin ilikuwa na watu wake wa kila Jumamosi, wanaume na wanawake wachache, wenye kuzipa bunduki za namna hiyo kiwiliwili kipya na kuziunda upya kwa ajili ya kulenga shabaha na kuwinda, na ilikuwa na desturi mbili ambazo hazijabadilika hadi leo. Ya kwanza, isiyopishana na sheria ya nchi, ni kwamba kila mtu anajiundia yake kwa mikono yake, wenzake wanaweza kumuazima vifaa, kumshikia taa na kumcheka, lakini hakuna anayemfanyia mwenzake kazi. Ya pili ilihusu pete ya ubao wa mbele, nayo ni pete ndogo ya chuma inayovikwa kwenye mtutu ili kushika ubao ambao mpigaji anaukamata kwa mkono wa kushoto, na sharti ivikwe mapema, kwa kuwa vipande vingine vikishagongewa mbele yake haiingii tena, na mwenye kuisahau analazimika kung'oa kazi yake ya mbele yote na kuanza upya. Mgeni katika karakana ile huibiwa pete hiyo, wenzake wakakaa kimya waone kama ataikumbuka, na asipoikumbuka, Jumamosi inayofuata anawaokea wote mikate yetu ya soseji kali.

Thad, mtu wa kukagua mara mbili, aliunda bunduki yake ya kwanza kuanzia Aprili hadi Juni 2003, akigonga, akipima na kuwasahihisha wengine, huku pete yake ikiwa imelala ndani ya kopo la kahawa la Ervin. Siku ya mwisho aliuchukua ubao, akaupachika, ukaanguka, akaupachika tena, ukaanguka tena, akauinua kwenye mwanga na kusema, "Ervin, huu ubao una kasoro."

Ervin akamjibu bila kuacha kunywa kahawa yake, "Ubao hauna kasoro, ndugu yangu. Mgeuze mwenye ubao umtazame huyo."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na ndugu zake wa ukoo wa Postlethwait wakamwita Bwana Ubao tangu siku hiyo, jina ambalo alilikataa kwa miaka miwili na kisha akaanza kuliitikia. Mikate aliioka mwenyewe, ikaungua, wakaila.

Kreti la pili hakulifungua. Aliwaambia watu kwamba ni la Marlene, kwa kuwa alilinunua siku ileile na kwa nia hiyo, lakini Marlene hakulitaka, alikuwa na saluni yake na maisha yake, na kila alipokuja nyumbani na baba yake akamkumbusha, alimjibu, "Baba, mimi nanyoa watu, siwawindi." Kwa desturi ya karakana, Thad hakuweza kumuundia, kwa hiyo kreti lilikaa chini ya dirisha la sebule miaka ishirini, Loretta akalitandikia kitambaa na kuweka juu yake taa na picha za wajukuu, na wageni waliwekewa vikombe juu yake bila kujua wanachonywea. Dwight alijitolea kulichukua yeye, naye akaambiwa kwa upole kwamba kreti lina mwenyewe. Familia inalisema hili waziwazi kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo Thad alilitaka sana na hakuweza kulipata kwa kufanya kazi kwa bidii zaidi.

Mwezi Septemba 2016 madaktari walimwambia kwamba ana ugonjwa wa kutetemeka, ule ambao huanza kwenye vidole na hauna haraka. Aliacha kuunda mwaka 2019, akaacha kujinyoa mwaka 2021, na kuanzia hapo Marlene alikuja kila Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, kumnyoa baba yake jikoni. Ilikuwa katika kumnyoa huko, mwezi Aprili 2023, akiwa amemshika kidevu ili kisitikisike, ndipo Marlene alipomwambia, "Baba, lile kreti nitakumalizia."

Thad akasema, "Hutanimalizia kitu. Mimi ninayo yangu. Ukiifanya, ni yako."

"Haya, basi ni yangu. Tulia, nitakukata sikio."

Loretta, aliyekuwa kwenye sinki, anasema kwamba mumewe alitulia kwa mara ya kwanza tangu augue.

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2023 vikombe viliondolewa, taa ikashushwa, kreti likafunguliwa, na kuanzia hapo Marlene alikuwa akifunga saluni Jumamosi moja kila mwezi na kwenda karakana ya Ervin, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na mbili na bado akiwasha jiko la kuni mwenyewe. Alivua kila kipande, akaisugua grisi ya Warumania kwa matambara hadi kucha zake zikawa nyeusi, akakosea, akafuta, akarudia, na wateja wake wa Moundsville walianza kumuuliza kama ameolewa na fundi wa magari. Thad alipewa kazi ya kukaa kwenye kiti chenye mikono, sinia la vipande mapajani, na kumpa mwanawe kila kipande alichokiita, na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kiasi kwamba sinia lilikuwa likilia kama njuga, Marlene akamtania, "Baba, ukichoka kunipa vipande, tupigie muziki tu." Naye alijibu, "Fanya kazi, binti. Mwanamuziki husikilizwa, hatazamwi."

Mwezi Oktoba mwaka huu mtutu ulikaa mahali pake, vipande vya mbele vikagongewa, na kilichobaki kilikuwa mbao tu. Marlene alitaka kumaliza siku ileile, baba yake akasema amechoka, mbao zingoje, na ikapangwa kwamba zitawekwa Jumamosi ya tarehe 16 Novemba. Lakini Jumatano ya tarehe 13 alipata homa ya mapafu, akapelekwa hospitali ya New Martinsville, na pale, akipumua kwa shida, alimuuliza Marlene swali moja kila alipoamka.

"Umeweka mbao?"

"Bado, Baba. Nakungoja wewe."

Na kila alipojibiwa hivyo alicheka, mara moja akacheka hadi muuguzi akaja mbio kutazama mashine, na Marlene alidhani ni homa. Marehemu alifariki Jumatatu ya tarehe 18 Novemba 2024, saa tatu na robo asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono mmoja na bintiye mwingine, na mikono yote miwili ilikuwa imetulia.

Muuguzi alimkabidhi Marlene mfuko wa nguo za baba yake, na katika mfuko wa kifuani wa shati la flaneli, shati la karakana, akiwa ndani ya gari mbele ya hospitali, aliikuta pete ya ubao wa mbele. Mtu ambaye hakuweza tena kufunga kifungo cha shati lake alikuwa ameichota kutoka kwenye sinia, mbele ya macho ya watu wote, huku sinia likilia, akaitia mfukoni. Marlene anasema alilia na kucheka kwa pamoja hadi mlinzi wa maegesho akaja kugonga kioo, na kutoka hapo aliendesha moja kwa moja hadi kwa Ervin, akaiweka pete mezani.

"Mzee Ervin, ulijua?"

"Mwanangu, tulijua sote. Alikuwa akitukonyeza."

"Mama naye?"

"Mama yako ndiye aliyelishona tundu la mfuko, isije ikadondoka."

Naye anayewasomea historia hii, Emmett Kessinger, kaka yake Loretta, alijua pia, na haombi msamaha.

Marlene alifikiria kuizika pete hii pamoja na baba yake, akamuuliza Ervin, na Ervin akamjibu, "Thubutu! Atafufuka kabla ya wengine aje akuulize mbao ziko wapi." Kwa hiyo pete iko hapa kanisani, mnaiona kwenye mkufu wa Marlene, na Jumamosi ya wiki ijayo ataing'oa kazi yake ya mbele yote, kwa mikono yake, ili aivike panapostahili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa muuguzi Tamsin Yoho aliyemuongezea mto wa tatu bila kuombwa, inawashukuru majirani mlioleta chakula hadi friji ya Loretta ikakataa kufunga, wenzake wa kiwandani mliobeba jeneza, zimamoto mliotupa ukumbi, na watu wa karakana ya Ervin Loughman kwa kunyamaza mlipotakiwa kunyamaza. Mnashukuriwa pia nyote mliokuja leo Ijumaa, kwa maana msimu wa kulungu unafunguliwa Jumatatu, na Thad aliacha agizo kwamba asizikwe siku hiyo, kwa kuwa alisema hata yeye asingehudhuria.

Baada ya makaburini tunakwenda wote katika ukumbi wa zimamoto. Kuna kahawa, na kuna mikate ya soseji ya kutosha kila mmoja wenu, iliyookwa jana kutwa na Marlene Pearl Hrabovsky, ambaye aliibiwa pete na hakuikumbuka. Safari hii haikuungua.

Lala kwa amani, Thaddeus Vernon. Mbao zitashika.