Sauti ya Thaddée

Benchi la kahawa la Domitille, pale Uvira barabara inapoteremka kwenda ziwani, lilikuwa na desturi yake. Mama mwenyewe akienda kuteka maji, simu yake hubaki benchini, na yeyote aliyekaa hupokea. Namba ya siri aliwapa wote. Basi asubuhi hiyo mtu alipiga akidai ni wa kampuni ya simu, akaomba asomewe tarakimu zilizoingia kwa ujumbe, na mmoja wao akamsomea kwa moyo mweupe. Domitille aliporudi, Watsapu yake ilikuwa imehama na sauti ya marehemu mumewe, Thaddée, iliyorekodiwa humo. Kila siku aliisikiliza kabla ya kuwasha moto. Leo aliwasha bila kuisikia, akajiona mjane upya.

— Mwizi iko Bujumbura. Usiku taa zao zinavutaka rezo yetu ya simu, alisema Bruno, dereva wa pikipiki waliyemwita Satelite.

— Weye nawe! Sauti haina uzito, inavukaka mupaka bila karatasi. Saa hii iko ku inchi ya baridi ya wazungu, alijibu mzee Antoine, aliyeitwa Duani, yaani forodha, kwa kubeba mizigo mpakani maisha yake yote.

— Na kule nani ataisikia? aliuliza Domitille.

— Mwizi mwenyewe, mama. Kiswahili hajui, lakini ataisikiliza mpaka usingizi umukamate.

— Minye naona haijafika mbali, alisema Bruno. Iko inaelea juu ya ziwa. Ukipanda milima ya Mulenge, katikati ya ngombe, simu itaikamata.

Domitille alicheka, kisha akaumia kwa kuwa alicheka. Ingekuwa kweli, angeipanda milima hiyo kwa miguu.

Mwanamke mgeni, aliyekuwa akingoja gari la Bukavu, alishusha kikombe chake.

— Samahani, mama. Ile namba ya siri, nani hapa haijui?

Bruno alitazama viatu vyake. Antoine alitazama ziwa.

Domitille akainamisha birika. Yakatoka matone tu. Hasira aliitafuta, hakuipata. Namba ile aliwapa siku ya matanga, ili nao wamsikie Thaddée.

— Bruno, Thaddée alikuwa anaanzaka namna gani? aliuliza polepole.

Bruno akasafisha koo. Sauti haikuwa ya Thaddée, lakini maneno aliyajua yote, na Antoine akayasema pamoja naye.

— Domi, weka maji ku moto. Niko Luberizi, nakuya.

Domitille akaweka maji motoni.