Safu ya Mbele

Mbele ya saluni ya Odette, katika mtaa wa Point ulio kando ya bahari, kuna benchi ambalo alasiri hukaliwa na walewale: Alain muuza simu, anayeitwa Chaja, Peguy, anayeitwa Avoka ingawa hajawahi kusomea sheria, na Ezéchiel, Maestro wao, aliyeongoza tamthilia kule Bukavu, opera hapa Durban, na filamu moja iliyotoka bila jina lake. Asubuhi hiyo wenye ukumbi walikuwa wamempigia simu: mchezo wake mpya umesimamishwa, watazamaji hawaji, na hawatampa ukumbi tena. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Alishika kikombe cha kahawa, akawaacha wenzake wamtetee.

— Ni wivu tu, alisema Chaja. Mukimbizi kuwapangia waimbaji wa opera? Roho inawauma.

— Wapi! Hii iko politique, Avoka akadakia. Kwenye filamu walifuta jina yake, sasa wanafuta mchezo. Kesho watamufuta yeye mwenyewe.

— Mimi nasema ni bahari, Odette alipaza sauti kutoka mlangoni, vidole vikiwa kwenye nywele za mteja. Chumvi imeziba masikio ya watu wa huku.

— Eish, Mama Odette! Bahari tena? Chaja alilalamika.

— Iko watu walilipwa wakae nyumbani, Avoka alisema kwa sauti ya chini. Mimi najua.

— Watu gani? Chaja aliuliza.

— Mji muzima!

Chaja alipiga paja lake kwa hasira. Ezéchiel alitazama chini. Hasira yao ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomchoma.

Mteja, msichana Mkenya aitwaye Mildred, alikuwa amefika hapo kwa mara ya kwanza. Aligeuza kichwa, Odette akakirudisha.

— Pole, lakini huo mchezo unahusu nini?

Chaja alimtazama Avoka. Avoka akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Vidole vya Odette vilisimama.

— Vita, alisema Chaja. Si ndiyo, Maestro?

— Hapana, mapenzi, alisema Avoka. Mapenzi iko ndani.

Ezéchiel alitoa mfukoni vikaratasi vitatu, gundi ikiwa bado nyuma yake, akavipanga kwenye benchi. Odette. Peguy. Alain. Jana, taa zilipozimwa, alikuwa amevibandua mwenyewe kwenye viti vitatu vitupu vya mbele.

Chaja alitafuta pa kuweka kikombe, akakiweka juu ya jina lake.